Usilipie mayai ambayo hujayaona

Ndugu yangu, simama hapo hapo. Usitume hayo makuta, hizo pesa. Umeuliza kama ulipie kabisa kifungua kinywa cha moto kwa siku zote mtakazolala kwenye shamba la mizabibu kule Stellenbosch, Afrika Kusini, halafu ukauliza habari za Franschhoek, mji wa jirani, na gari la kukodi. Hayo mengine yatangoja. Mimi nililipia nikiwa bado hapa Lubumbashi, familia nzima, na hakuna hata dola iliyorudi.

Aliyetuingiza ni kijana mmoja wa ofisi ya safari, tai shingoni, simu mbili mezani. Akatuonyesha picha: mayai, uyoga, nyanya za kuchoma, nyuma mizabibu mpaka mlimani. "Papa, mukingojea kulipa kule, bei itapanda." Papa ni mimi, nikalipa. Kijana mwenyewe kumbe hajawahi kulala kule!

Asubuhi tunafunua sinia la chuma lenye moto chini: mayai ya kuvuruga yamewekwa humo tangu alfajiri, pembeni yamekauka, katikati yanaogelea. Yai la kuchemsha ukilipasua, kiini kimezungushiwa duara la kijani. Si kwamba limeoza. Limechemshwa kupita kiasi, salfa ya ute imekutana na chuma ya kiini. Boerewors, ile soseji ambayo sheria ya Afrika Kusini inadai iwe na nyama angalau asilimia 90, ilikuwa ngumu kama kamba ya mbuzi. Mpishi hodari walikuwa naye, ila aliingia mchana, kwa ajili ya mgahawa na harusi. Asubuhi ni sisi na sinia.

Kesho yake tukasusa, tukaenda kuonja mvinyo bila kula. Zabibu ya Pinotage ilizaliwa Stellenbosch mwaka 1925, na mama watoto anasema mimi nilikaribia kufia huko huko. Chekeni tu. Bukari, ugali wetu, ningeipata wapi?

Sasa shika hili. Asubuhi ya kwanza agiza sahani moja tu, na useme unataka yai lililopikwa ndani ya maji bila ganda. Yai jipya, ute wake hukumbatia kiini. La zamani hutawanyika majini na kukuletea manyuzinyuzi. Litoboe kwa uma. Kiini kikitiririka, ujue jikoni kuna mtu, lipia ya asubuhi hiyo, na kesho uangalie tena. Wakikuambia yai la hivyo hawapiki, kula mkate na matunda, funga pochi.

Gari? Kutoka Cape Town ni kama kilomita 50, kodi tu, lakini anayeonja asiendeshe. Kwanza waandikie leo uwaulize: asubuhi anapika nani, na anapika mtu akishaagiza au kabla? Jibu lao libandike hapa nilisome. Na kama una wakala, tena anavaa tai, niambie ofisi yake iko barabara gani.