Vishale vya sakafuni: kwa mwalimu anayeanza ziara za mtandaoni

Ziara yangu ya kwanza ya mtandaoni niliiandaa kama mtu anayeandaa karamu. Nilichagua makumbusho makubwa ya viumbe na mambo ya kale, nikawasha projekta, nikafungua picha zake za nyuzi 360 (zile unazozungusha kuona pande zote) na kuwapitisha wanafunzi ukumbi baada ya ukumbi: visukuku, mamalia, wadudu, madini, maiti zilizokaushwa za Misri. Dakika 40 bila kupumzika. Mwishoni nikauliza, "Haya, tumeona nini?" Kimya. Kisha mkono mmoja ukanyooka nyuma kabisa: "Vile vishale vyeupe vya sakafuni, mwalimu."

Darasa lilicheka, nami nikacheka kwa aibu, maana alisema kweli. Vishale nilivyokuwa nikibofya ili kusonga mbele ndicho kitu pekee walichokiona kila mahali. Mengine yote yaliwapita kama miti inavyompita abiria wa basi.

Nakwambia hili mapema, mwenzangu unayeanza, kwa sababu kosa hilo linakungoja na wewe. Ziara ya basi hujikata yenyewe: miguu inachoka, muda unayoyoma, dereva anapiga honi. Ya skrini haina honi. Milango yote iko wazi, hakuna foleni, na mwalimu anajikuta anaona vibaya kuacha ukumbi wowote. Uache. Siku hizi kipindi kimoja sikipi zaidi ya vituo vitatu, na vipindi vyangu vilivyofana zaidi vilikuwa na kituo kimoja tu.

Katika kuchagua pa kwenda nina sharti ambalo wenzangu wengine hunibishia: napendelea mahali ambapo watu hawaruhusiwi kuingia. Pango la Lascaux, Ufaransa, lenye michoro ya kale ya wanyama, liligunduliwa mwaka 1940 na vijana wanne. Likafunguliwa kwa wageni mwaka 1948, na mwaka 1963 likafungwa, kwa sababu pumzi za wageni zilileta kabonidayoksaidi, joto na unyevu, kuta zikaanza kuota mwani wa kijani. Michoro iliyokaa gizani miaka kama 17,000 ilitiwa hatarini na miaka 15 ya watu kuhema. Ukishawaeleza wanafunzi hivyo, hutasikia tena "kwa nini hatuendi kweli?" Skrini inaacha kuwa mbadala wa asiye na nauli, inakuwa njia ileile aliyonayo karibu kila mtu, tajiri na fukara. Pango la Chauvet, hukohuko Ufaransa, nalo la michoro ya kale, liligunduliwa mwaka 1994 na halijafunguliwa kwa umma hata siku moja. Nyayo za Laetoli, Tanzania, zilizoachwa na jamaa wa kale wa binadamu kwenye majivu ya volkano miaka milioni 3.6 iliyopita na kufukuliwa na timu ya mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey mwishoni mwa miaka ya 1970, zilifukiwa tena katika miaka ya 1990 ili mizizi na mvua zisizile. Mtu aliyesafiri hadi pale anaona udongo na mawe yaliyozifunika. Mwanafunzi mwenye kielelezo cha pande tatu anaona kisigino na kidole gumba.

Kama kitu kiko karibu kiasi cha kufikika kwa miguu, nendeni kwa miguu. Hapo sina la kuongeza.

Swali liwe tayari kabla projekta haijawaka, na liwe swali linalojibiwa kwa kutafuta. "Angalieni michoro hii mizuri" halimtafutishi mtu chochote. Pale Lascaux mimi huuliza: mchoraji alisimama juu ya nini? Mwanzoni hawaelewi ninachotaka. Kisha wanaanza kupima kwa macho, wanagundua kwamba baadhi ya wanyama wamechorwa juu sana, hadi darini, pasipofikiwa na mkono wa mtu. Ubishi unaanza: mawe? Mabega ya mwenzake? Ngazi? Wakishabishana vya kutosha ndipo nawaambia kwamba kwenye kuta za korido mojawapo yamekutwa matundu, na wataalamu huyatafsiri kuwa mahali palipochomekwa boriti za jukwaa. Swali la pili hujitokeza lenyewe: aliona vipi? Taa ya jiwe, iliyowaka kwa mafuta ya wanyama, ilikutwa mlemle pangoni. Nikifika hapo huzima projekta na taa za darasa kwa nusu dakika. Jaribu uone.

Baada ya swali, macho yapewe muda. Nina zoezi moja ambalo halijaniangusha bado. Wanafunzi wanakaa wawili wawili, migongo ikigusana. Mmoja anatazama skrini, mwenzake anatazama karatasi. Anayeona anaeleza, asiyeona anachora, na hakuna kugeuka kwa dakika tano. Mara ya kwanza nililifanya kwa fuvu la kisukuku cha binadamu wa kale. Msichana mmoja alianza kwa kujiamini, "Ni kichwa," akanyamaza. Mwenzake, penseli mkononi: "Kichwa chenye nini?" Kimya kingine. Kisha polepole: "Macho... hapana, matundu ya macho. Na juu yake kuna tuta, kama kofia iliyovutwa chini." Tuta la nyusi! Nilikuwa nimepanga kulifundisha kwa dakika kumi, yeye akalipata mwenyewe kwa sababu mwenzake alimdai.

Kinachodanganya zaidi kwenye skrini ni ukubwa. Ushanga na nyangumi wote hujaza ukuta uleule. Kwa hiyo mimi huja na kamba na chaki. Mona Lisa, picha maarufu ya mwanamke iliyopo makumbusho ya Louvre, Paris, ina sentimita 77 kwa 53. Ichore ubaoni kwa kipimo chake halisi uone darasa linavyoduwaa, hasa wale walioapa kwamba ni kubwa kama mlango. SUE, kisukuku cha dinosau aina ya Tyrannosaurus rex kilichopo makumbusho ya Field Museum mjini Chicago, ana urefu wa mita 12.3. Tulikata kamba ya urefu huo, ncha moja ikashikwa ubaoni, kamba ikavuka madawati, ikatoka mlangoni, na aliyeshika mkia akawa amesimama nje anapiga kelele kuuliza kama bado aendelee. Tuliporudi kwenye skrini, hakuna aliyelitazama lile taya kama katuni tena.

Ziara za historia na utamaduni zina mtego wa namna yake, na hapa nitakaa kidogo. Kamera haikujiweka pale yenyewe. Kuna aliyeiweka, kuna aliyeandika kibao cha maelezo, na kuna kilichoachwa nje ya picha. Chukua sanamu na mabamba ya shaba ya Benin, yaliyoporwa na askari wa Uingereza walipouteka mji wa Benin, katika Nigeria ya leo, mwaka 1897. Ukiingia mtandaoni kwenye makumbusho moja utaona mabamba yaliyopangwa vizuri ukutani, basi. Ukiingia Digital Benin, tovuti iliyozinduliwa mwaka 2022, utaona zaidi ya vitu 5,000 vilivyotawanyika katika taasisi 131 za nchi 20. Vitu ni vilevile, lakini hizo ni ziara mbili. Ya kwanza inauliza kimetengenezwaje. Ya pili inauliza kimefikaje hapa. Mimi hufanya zote, kwa mpangilio huohuo. Nilipowahi kuanza na ya pili, hasira ilifunika ufundi, hakuna aliyetazama tena jinsi shanga za shingoni zilivyochongwa moja moja, na mafundi wale walistahili kutazamwa kwanza.

Tena kuna mahali ambapo kamera husimama. Mwamba wa Uluru, Australia, ulipowekwa mtandaoni kwa picha za nyuzi 360 mwaka 2017, kazi hiyo ilifanywa kwa kufuata sheria za Waanangu, wenyeji wa ardhi hiyo, na sehemu zao takatifu hazikupigwa picha. Mwaka 2019 kupanda mwamba huo kulipigwa marufuku. Mwaka uliofuata Google iliondoa picha za kileleni zilizowekwa na wageni, baada ya kuombwa na wasimamizi wa hifadhi. Wanafunzi wakilalamika kwamba kishale kimegoma kusonga, usiombe radhi kana kwamba mtandao umekuangusha. Waulize ni nani aliyesema kisisonge, na kwa nini. Nimepata mjadala mzuri wa utamaduni kutokana na kishale kilichogoma kuliko kutokana na ngoma kumi za video.

Vyombo nitavisema haraka kwa sababu hubadilika kila mwaka. Usijenge somo juu ya programu moja. Google Expeditions, programu ya ziara za mtandaoni iliyotumiwa na shule za nchi nyingi, ilifungwa mwaka 2021. Mwalimu aliyekuwa na maswali yake daftarini alihamia kwingine kesho yake. Usiku wa kuamkia kipindi fungua kila kituo, piga picha ya skrini, zihifadhi kwenye folda moja kwa namba. Intaneti ikikatika (na itachagua siku ambayo mkuu wako amekaa dawati la nyuma) unaendelea na picha zako kana kwamba ndivyo ulivyopanga. Kompyuta ikiwa ni moja, usimpe kipanya yule hodari wa kompyuta, atakimbia. Mpe mwoga, halafu darasa limwelekeze: kushoto, rudi, sogeza karibu. Na zungusha picha taratibu. Macho yakiona mwendo huku sikio la ndani likisema mwili umetulia, ubongo unachanganyikiwa na tumbo linalipa gharama. Kwa miwani ya uhalisia pepe ni mara mbili ya hapo: mwanafunzi akae kitini, dakika chache tu, na usome umri wa chini ulioandikwa na mtengenezaji kabla hujaigawa.

Ziara yenye mwongozaji wa moja kwa moja ndiyo tamu kuliko zote, na ndiyo iliyowahi kuniumbua. Tuliahidiwa mazungumzo na mtaalamu wa makumbusho fulani ya Ulaya mwishoni mwa Oktoba. Nilipiga hesabu ya tofauti ya saa vizuri kabisa, bila kukumbuka kwamba wenzetu kule hurudisha saa nyuma wikiendi ya mwisho ya mwezi huo. Darasa lilikaa saa nzima likitazama maandishi yanayosema mwenyeji atajiunga hivi punde. Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tuna mtego wa ziada: "saa tatu" ya mdomoni ni 9:00 kwenye kalenda ya kompyuta, na nimeshaona kikao kikipangwa 3:00 alfajiri kwa sababu hiyo. Andika kwa tarakimu za saa 24, taja ni saa za wapi, kisha mwombe mwenyeji akuandikie tena kwa maneno yake. Maswali ya wanafunzi mtumie siku mbili kabla. Watano tu ndio waulize, wengine waandike, vinginevyo nusu ya muda itaishia kwenye "maikrofoni yako imezimwa."

Ukiniuliza uanze na ipi, anza na Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Tangu mwaka 2017 unaweza kupita ndani yake kwa picha za nyuzi 360 zilizopigwa na mwanaanga Thomas Pesquet akiwa hukohuko, na huko hata vishale vinapoteza maana kwa sababu sakafu haipo. Swali langu huwa: juu ni wapi? Wanafunzi watatafuta dari, watakuta vifaa vimefungwa pande zote nne, mabegi ya kulalia yamesimamishwa ukutani, maandishi yametazama huku na kule. Waache wahangaike. Kisha wape hesabu: kilomita kama 400 juu yetu, kasi ya kama kilomita 28,000 kwa saa, mzunguko mmoja kwa dakika kama 90. Wapige wenyewe, jua linachomoza mara ngapi kwa siku kwa aliye kule? Watapata 16.

Halafu tafuta mtandaoni ni lini kituo hicho kitapita juu ya mahali mlipo, muda mfupi baada ya jua kuzama au kabla halijachomoza, anga lenu likiwa tayari giza na chenyewe bado kinapigwa na jua. Hakuna kifaa kinachohitajika. Kundi langu la mwisho lilikusanyika uwanjani, wengi wakiwa hawaamini, mmoja akinionyesha ndege na kunicheka. Kisha nukta nyeupe ikatokea magharibi, haipepesi, haina sauti, inakwenda kama iliyovutwa kwa uzi. Tuliihesabia dakika karibu nne. Ilipoingia kwenye kivuli cha Dunia ilizimika katikati ya anga, kabla haijafika upande wa pili, watu wakabaki wameinua nyuso. Yule mtoto wa vishale alikuwa kando yangu. "Mwalimu," akasema, "sasa hivi wale waliolala wametazama upande gani?"