Hifadhi vipimo kama vilivyotoka, panga nakala

Ukianza kupima kasi ya programu, utatamani kuhifadhi wastani tu. Usifanye hivyo. Hifadhi kila kipimo kwa mfuatano wake, maana mfuatano wenyewe unasema kitu. Vipimo vya mwanzo vikiwa juu kisha vikashuka, kashe (memori ndogo ya haraka iliyo karibu na prosesa) ilikuwa bado haijajaa. Vikipanda taratibu kuelekea mwisho, shuku prosesa imepata joto ikajipunguzia kasi. Ukishavipanga kutoka kidogo hadi kikubwa, dalili hizo huzioni tena. Kwenye Python, list.sort() hupanga upya orodha yenyewe, na mfuatano wa awali unapotea. Lakini sorted() hukupa orodha mpya iliyopangwa na kuiacha ya zamani.

Muda uandike kwa nanosekunde, namba nzima. Tumia time.perf_counter_ns(), si time.time(): saa ya mfumo inaweza kurudishwa nyuma katikati ya kazi, ukapata muda hasi. Tenga nafasi ya matokeo kwenye memori kabla ya kuanza, na faili uliandike mwishoni. Ukiandika kati ya kipimo na kipimo unachafua kashe, na gharama yake inaangukia kipimo kinachofuata.

Kupanga ndiko wengi wanakoumbuka. Kwenye JavaScript, [9, 80, 100].sort() hurudisha 100, 80, 9, kwa sababu hulinganisha namba kama maneno. Andika sort((a, b) => a - b). Amri ya sort kwenye Linux nayo inataka -n, ila hata hiyo haijui vizio: itaiweka 10ms (milisekunde 10) kabla ya 900us (mikrosekunde 900), ingawa 900us ni muda mfupi zaidi. Basi kizio kikae kwenye jina la safu, kwa mfano muda_ns, na ndani ziwe namba tupu.

Jaribio likifeli, usiandike 0. Ukipanga, sifuri itakuwa mshindi. Acha nafasi wazi, na safu nyingine ieleze kilichotokea.

Kwa vipimo 1000 vilivyopangwa, thamani ya katikati ni wastani wa cha 500 na cha 501, na asilimia 99 (muda ambao vipimo 99 kati ya 100 havivuki) unaisoma kwenye cha 990. Ukiwa na vipimo 100 tu, juu ya asilimia 99 kinabaki kimoja, na kimoja hakithibitishi kitu.

Kila faili ibebe pia toleo la msimbo, toleo la kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) na aina ya prosesa. Bila hayo, faili mbili za wiki tofauti hazilinganishiki.