Maswali ya Wasomaji: Filamu za Kale za Vita vya Ujerumani

SWALI: Mhariri, ninafundisha historia katika shule ya sekondari. Tunapofika kwenye Vita Kuu ya Pili ya Dunia huwaonyesha wanafunzi vipande vya filamu za wakati ule nilivyopakua kwenye intaneti, hasa vya jeshi la Ujerumani. Mwalimu mwenzangu ananiambia kwamba ninawalisha watoto propaganda ya Wanazi. Je, filamu hizo ni ushahidi wa historia au ni uongo? Na ile milio ya mizinga tunayoisikia ni ya kweli?
*Mwalimu, Songea*

JIBU: Mwalimu, hofu ya mwenzako ina msingi, lakini ninakusihi usiziache filamu hizo. Sehemu kubwa ya picha tunazoziona za jeshi la Ujerumani kati ya mwaka 1940 na 1945 zinatokana na filamu za habari zilizoitwa Die Deutsche Wochenschau, zilizokuwa zikionyeshwa kila wiki katika majumba ya sinema. Wapigapicha wake wa vitani walikuwa askari wa vikosi maalumu vya propaganda, waliovaa sare na kufa kama askari wengine, na mara nyingi moto uliowaka mbele ya kamera zao ulikuwa moto kweli. Hata hivyo, mikanda yao ilipelekwa Berlin, ikakaguliwa na jeshi na wizara ya propaganda, na Waziri Joseph Goebbels mwenyewe alikuwa akiipitia na kuagiza kipi kikatwe na maneno gani yasomwe juu ya picha. Tulichobakiwa nacho, kwa hiyo, ni kile alichokubali mkaguzi kionekane.

Kuhusu milio, jibu ni fupi: kamera nyepesi walizobeba vitani, kama vile Arriflex, hazikurekodi sauti. Ngurumo za mizinga, injini za ndege na muziki viliongezwa baadaye studioni, pamoja na sauti ya msimulizi. Kwa sababu hiyo ninapendekeza uonyeshe kila kipande kwanza bila sauti, kisha uwaulize wanafunzi swali moja tu: kamera imesimama wapi? Ukiona askari wanakimbia kushambulia, nyuso zao zikiielekea kamera, basi mpigapicha alikuwa mbele yao na amempa adui mgongo. Wanafunzi wako watatambua wenyewe, bila kuambiwa, kwamba huenda adui hakuwepo, au kwamba shambulio lilirudiwa kwa ajili ya picha.

Uangalie pia tarehe. Kipo kipande mashuhuri kinachomwonyesha Hitler katika bustani ya ofisi yake mjini Berlin, ameinua ukosi wa koti, akipita mbele ya vijana wadogo waliotunukiwa nishani na kumgusa mmoja wao shavuni. Mara nyingi kinaelezwa kuwa kilipigwa siku yake ya kuzaliwa, tarehe 20 Aprili 1945, siku chache kabla hajajiua. Kwa kweli kilipigwa mwezi Machi, na kilikuwamo katika toleo la mwisho la filamu hizo za habari, lililotoka tarehe 22 Machi 1945. Picha yenyewe ni halisi. Maelezo iliyobandikwa ndiyo yenye kosa, na kosa la namna hiyo ni la kawaida kuliko picha ya kughushi.

Mfano mzito zaidi ni ule wa geto la Warszawa, mji mkuu wa Poland, na ninaomba univumilie niueleze kwa kirefu. Mwezi Mei 1942 wapigapicha wa Kijerumani waliingia katika geto hilo, ambamo Wayahudi walikuwa wamefungiwa wakifa kwa njaa na magonjwa. Filamu yao haikumalizika wala kupewa sauti, na baada ya vita ilipatikana katika hifadhi ya filamu ya Ujerumani Mashariki. Kwa miongo kadhaa watengenezaji wa filamu za historia walichota vipande vyake na kuvitumia kana kwamba ni kumbukumbu ya kawaida ya maisha ya geto: hapa maskini amelala kando ya njia, pale watu waliovaa vizuri wanakula mezani. Mwaka 1998 ukapatikana mkanda mwingine wenye vipande vilivyokuwa vimetupwa wakati wa uhariri. Humo tukio lile lile linarudiwa mara kadhaa, kutoka pembe tofauti: watu waliovaa vizuri wanapita mbele ya wenye njaa bila kugeuza shingo, kisha wanarudishwa na kupita tena. Walikuwa wameamriwa. Wanazi walitaka ionekane kwamba Wayahudi wenye nafasi hawakuwajali wenzao. Kiongozi wa baraza la Wayahudi wa geto, Adam Czerniaków, aliandika katika shajara yake jinsi wapigapicha hao walivyokuja na kupanga watu mbele ya kamera. Tarehe 22 Julai 1942 usafirishaji wa kwenda kambi ya mauaji ya Treblinka ulianza, na kesho yake Czerniaków alijiua.

Je, tuitupe filamu ile? Hapana. Nyuso zilizomo ni za watu halisi, na wengi wao waliuawa miezi michache baadaye; kwa baadhi yao huenda hiyo ndiyo picha pekee iliyosalia. Filamu hiyo inadanganya kuhusu tabia za watu wale, ila inashuhudia hali yao, na tena inamshuhudia aliyeshika kamera.

Tuwe waadilifu: upande wa pili nao ulicheza na mikanda. Picha za Hitler za mwezi Juni 1940, Ufaransa ilipokuwa ikisalimu amri, zilirudiwarudiwa na wahariri wa upande wa Washirika hadi hatua yake moja ikaonekana kama ngoma ya furaha. Kinyume chake, Waingereza walipoikomboa kambi ya mateso ya Bergen-Belsen tarehe 15 Aprili 1945, walijua kwamba watakuja watu wa kukanusha yaliyotendeka humo. Wapigapicha wao waliwaweka wakuu wa miji ya jirani na makaburi ya halaiki ndani ya picha moja, na mwongozaji wa sinema Alfred Hitchcock, aliyekuwa mshauri wa filamu iliyokusudiwa kutokana na picha hizo, alihimiza vipande virefu visivyokatwa. Tarehe 29 Novemba 1945 filamu ya kambi za mateso, iliyokusanywa na Wamarekani, ilionyeshwa mahakamani Nürnberg, Ujerumani, mbele ya washitakiwa wenyewe, viongozi wa Wanazi.

SWALI: Baada ya vita Ujerumani iligawanyika. Je, filamu za habari nazo ziligawanyika?
*Msomaji, Mombasa*

JIBU: Ziligawanyika, ndugu yangu, tena mapema kuliko nchi yenyewe. Wamarekani na Waingereza walianza kuonyesha Welt im Film mwezi Mei 1945, na katika eneo la Wasovieti ikaanza Der Augenzeuge mwezi Februari 1946, iliyodumu hadi mwaka 1980. Hii ya pili ilikuwa na sehemu inayonigusa kuliko mkutano wowote wa viongozi: watoto waliopotezana na wazazi wao walisimama mbele ya kamera, mmoja baada ya mwingine, majina yao yakatangazwa, ili mzazi aliyeketi katika sinema fulani apate kumtambua mwanawe.

Kadiri Vita Baridi vilivyozidi, pande hizo mbili zilitofautiana hata kuhusu tukio moja. Wafanyakazi walipoandamana Berlin Mashariki tarehe 17 Juni 1953 na vifaru vya Kisovieti vikaingia mitaani, Magharibi waliita siku hiyo harakati za kudai uhuru, na serikali ya Mashariki ikaiita jaribio la mapinduzi la kifashisti. Ukizipata taarifa za pande zote mbili, zitazame kwa pamoja.

SWALI: Ninaona filamu za vita zenye rangi, hata za Vita Kuu ya Kwanza hapa Afrika Mashariki. Rangi zilikuwapo?
*Msomaji, Tanga*

JIBU: Katika vita vya pili zilikuwapo, ingawa kwa uchache. Filamu ya rangi ya Kijerumani iitwayo Agfacolor iliingia sokoni mwaka 1936, na mikanda ya nyumbani ya Eva Braun, mpenzi wa Hitler, iliyotekwa na Wamarekani na kuhifadhiwa katika Hifadhi ya Taifa ya nchi yao, ina rangi zake za asili. Nyingi ya zile unazoziona leo zimepakwa rangi kwa kompyuta. Kipande kinachodaiwa kuwa cha mwaka 1914 hadi 1918 kikiwa na milio ya bunduki, jua kwamba milio hiyo imeongezwa. Jihadhari vilevile na sinema ya kuigiza ya mwaka 1941 iliyomtukuza Carl Peters, Mjerumani aliyeanzisha koloni la Ujerumani Afrika Mashariki, maana vipande vyake vikikatwa na kusambazwa bila maelezo, mtu anaweza kudhani anamwona Peters mwenyewe, ambaye alifariki mwaka 1918. Kwa uhakika zaidi, anza na Bundesarchiv, hifadhi ya taifa ya Ujerumani, ambayo imeweka filamu nyingi za habari kwenye intaneti, pamoja na tarehe na namba ya kila toleo.