Nzige ama mchwa, nani mbaya kwa malisho?
Wewe umeuliza nani atamaliza nyasi za mzee huko Kajiado, nzige wa jangwani ama mchwa. Nzige ni hatari ya ghafla, mmoja anakula uzito wake kila siku, kama gramu 2 hivi, na kundi linaweza kuruka kilomita 150 kwa siku, si tuliwaona 2020 huko Samburu na Marsabit. Lakini hao hupita, tena ndege ikitumwa wanapuliziwa dawa. Mimi naogopa mchwa wa nyasi zaidi, juu hao hawahami, wanakata nyasi kavu vipande vipande wanaburuta hadi shimoni na kiangazi kikikaza udongo unabaki wazi. Ukiona vijiti vya nyasi vimerundikwa kando ya tundu, mwambie mzee atoe ng'ombe hapo mapema nyasi zipumue.