Risiti ya EFD hufutika, ipige picha leo

Mwaka 2021 niliitwa kwenye ukaguzi wa kodi, nikatakiwa nipeleke vielelezo vya manunuzi ya 2018. Sikuwa na wasiwasi. Risiti zote nilikuwa nazo kwenye boksi, kila mwezi na mfuko wake wa plastiki. Nikafungua mfuko wa Machi, nikakuta vipande vyeupe. Wa Aprili, vilevile. Nikavitoa mlangoni kwenye mwanga, nikavigeuzageuza. Kimoja tu niliweza kukisoma neno "saruji", na hicho nacho tarehe ilishatoweka.

Nina duka la vifaa vya ujenzi Morogoro, na boksi lile lilikaa juu ya kabati, karibu na bati la paa. Sikujua kwamba karatasi ya EFD, ile mashine ya kielektroniki ya kutolea risiti za kodi, haitumii wino. Imepakwa kemikali inayogeuka nyeusi ikipata joto la mashine, kisha baadaye joto la mahali inapokaa, jua, mafuta ya mikono, hata plastiki laini ya ile mifuko, huyapausha maandishi taratibu.

Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inatutaka tutunze kumbukumbu kwa miaka 5. Risiti zangu hazikufika huko. Na hasara yake si ndogo. Ukinunua mzigo wa shilingi 11,800,000 kwa muuzaji aliyesajiliwa, ndani yake kuna VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya 1,800,000, kwa kiwango cha asilimia 18. Huna risiti, huna cha kudai kwenye ritani, ile taarifa ya kodi ya kila mwezi. Halafu ile milioni 10 iliyobaki inaweza kukataliwa kama gharama, ukatozwa kodi ya mapato utadhani mzigo ulipewa bure. Wiki 3 nilizunguka kwa wauzaji kuomba nakala. Wengine walinisaidia, Mungu awabariki, wengine walishafunga biashara. Kilichokosekana nililipia kwa mafungu, na mwaka ule sikuongeza hata kreti moja ya misumari.

Tangu hapo risiti hailali dukani bila kupigwa picha. Jioni, kabla ya kufunga hesabu, msaidizi wangu anazitandaza juu ya kaunta na kuzipiga kwa programu ya kuskani ya kwenye simu, maana kamera ya kawaida huacha kivuli. Picha ichukue risiti nzima hadi chini kabisa, kwenye namba ya uhakiki na ile alama ya mraba. Watu wengi hukata hapo, na hapo ndipo penye ushahidi. Namba hiyo tunaihakiki palepale kwenye tovuti ya TRA, Mamlaka ya Mapato. Kama risiti ni feki, ni afadhali nijue jioni hiyohiyo, muuzaji bado anapokea simu zangu, kuliko nije kuambiwa na mkaguzi.

Kisha jina la faili. Jina analotoa simu yenyewe halikusaidii kitu miaka 4 baadaye. Sisi tunaandika hivi: 2024-03-14 saruji 11800000, na mwishoni jina la muuzaji. Mwaka ukitangulia, mafaili yanajipanga yenyewe kwa tarehe. Folda zetu ni chache: manunuzi, mauzo, benki, ritani, leseni na wafanyakazi. Nilishawahi kuwa na folda 30 na nikawa sioni kitu.

Tafadhali usihesabu WhatsApp kuwa ni hifadhi. Simu ikiibiwa au ikiingia maji, risiti zako zimekwenda nayo. Mimi ninaweka Google Drive na kwenye diski ya nje inayolala nyumbani, mbali na duka. Kila mwisho wa mwezi ninafungua faili 5 nisizozichagua, nione kama zinasomeka. Karatasi pia siitupi, inakaa kwenye bahasha ya kaki, mahali pa baridi.

Leseni ya biashara na vibali vingine ninaviskani vikishatoka tu, na tarehe ya kuisha ninaiweka kwenye kalenda ya simu, ikumbushe siku 30 kabla. Tarehe 20 ya ritani ya VAT nayo imo humo. Folda ya wafanyakazi ninaifungua mimi na mhasibu peke yetu: mle mna namba zao za NIDA na mikataba yao, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakubana wewe mwenye duka, hata kama una vijana wawili tu.

Kama nawe una boksi, lishushe leo usiku. Usianze na risiti mpya wala zile zilizokwisha kuwa nyeupe. Tafuta zilizoanza kupauka, zenye maandishi ya kijivu ambayo bado unaweza kuyasoma ukizisogeza kwenye taa, uzipige picha hizo kwanza.