Shangazi, mwanangu anaua watu kwenye gemu, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo shangazi. Nina kijana wangu ana miaka 9, juzi nimeingia sebuleni nikamkuta na binamu yake wanacheza gemu, mwanangu ndo kashika pedi, kamkaba mtu anampiga risasi ya kichwa na damu ikajaa skrini nzima, na yeye anacheka! Nikazima palepale akalia sana. Baba yake anasema namdekeza, eti yeye kakua anaangalia muvi za ngumi na hajaua mtu. Ila siku hizi mtoto anaamka usiku wa manane anakuja kulala kwetu. Je ndo atakuja kuwa muuaji? Nimpige marufuku kabisa? – Mama wa wawili

JIBU: Marahaba mwanangu, pole. Nianze na hilo linalokunyima usingizi: muuaji hapana. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani (APA) mwaka 2020 kilisema ushahidi hautoshi kusema gemu za vurugu ndo zinamfanya mtu aende kufanya ukatili wa kweli. Ila hawakuishia hapo, walisema uhusiano upo, mdogo lakini upo, na vitu kama kufoka na kusukumana. Kwa hiyo baba yake kwenye kuua yuko sawa, ila kwenye muvi mimi nampinga, kwa sababu kwenye muvi mtu mwingine ndo anapiga risasi, kwenye gemu kidole ni cha mtoto wako na akilenga vizuri anapewa pointi.

Mimi kilichonishtua kwenye barua yako sio damu, ni huko kuamka usiku. Usikipite hicho. Na kicheko nacho kisikudanganye, mtoto wa miaka 9 akikaa na mkubwa wake anacheka kwa sababu mkubwa kacheka. Mjukuu wangu wa miaka 8 nilimkuta hivyohivyo, mdomo unacheka ila vidole vya miguu kavikunja chini ya kiti kama anaona baridi. Nikakaa naye chini nikamuuliza yule mtu amekufa? Akanijibu bila wasiwasi, "hapana bibi, huyo anarudi tu." Akacheza kidogo halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, "ila yule mbwa mbona harudi?" Yaani watu wote wale aliowapiga hawakumgusa, kilichombana ni mbwa mmoja, na nisingekaa pale nisingejua maisha. Sasa wewe wa kwako kinachomwamsha ni nini? Muulize, tena mchana, sio saa nane za usiku.

Halafu angalia namba kwenye kava la hiyo gemu. Wazazi wengi wanadhani namba inasema gemu ni ngumu kiasi gani, kumbe inahusu kilichomo ndani. Za Ulaya zinaitwa PEGI, zipo toka 2003, ni 3, 7, 12, 16 na 18. Wamarekani wana ESRB wanatumia herufi, ukiona M ujue ni miaka 17 kwenda juu. Hiyo ESRB ilianza 1994 baada ya Seneti yao kuwaita watengenezaji wa gemu kuwahoji, na iliyochafua hewa ilikuwa Mortal Kombat, kuna mchezaji anang'oa kichwa cha mwenzake na uti wa mgongo unaning'inia. Na michoro ya kipindi kile ilikuwa vibox vibox tu, za sasa hivi unaona mpaka jasho usoni kwa mtu. Kwa ulivyoieleza, hiyo ya mwanao sidhani kama iko chini ya 16, basi isichezwe na wa miaka 9, hapo sina maneno mawili.

Lakini usinyang'anye kwa hasira kama juzi, ataenda kucheza kwa binamu na hatakuambia kitu. Mwambie sababu, mtafutie nyingine ya umri wake na siku ya kwanza kaa umwambie akufundishe, utashindwa vibaya na atafurahi mno. PlayStation, Xbox na Nintendo Switch zote zina sehemu ya kuweka kikomo cha umri na namba ya siri, weka, na namba usimpe binamu. Ongea na mzazi wa binamu pia. Kama wanacheza mtandaoni zima yale maongezi ya sauti, maana namba ya kwenye kava haihesabu matusi ya watu wazima wanaoongea humo ndani. Na mechi za mtandaoni hazina kusimamisha, kwa hiyo mwambie "hii ikiisha basi" badala ya kuchomoa waya. Saa moja kabla ya kulala skrini zote zimezimwa. Zikipita wiki kadhaa na bado anaamka, mpeleke kwa daktari.

Na baba yake ongeeni chumbani, mtoto asisikie mnavyobishana.

SWALI: Shangazi mimi nina miaka 20, nacheza gemu za 18 na mdogo wangu wa miaka 6 anakaa pembeni anaangalia tu, hagusi pedi. Kuna ubaya?

JIBU: Upo mwanangu, tena mkubwa. Anayoyaona ni yaleyale unayoyaona wewe, na wa miaka 6 bado anachanganya cha kweli na cha kuigiza. Najua anapenda kukaa na wewe, basi mpe muda wake, chezeni ya kwake hata nusu saa. Ya kwako cheza akishalala, na ukimaliza diski usiiache kwenye mashine.