Nilivyolihamisha ua la Karamoja mpaka Algeria

Jana jioni nikiwa kwenye teksi natoka Wandegeya nikapata meseji ya msomaji mmoja, kamaliza kusoma botania, anasema "dada nataka kazi ya kuingiza rekodi za hebariamu kama wewe, nianzie wapi?" Nikacheka mpaka kondakta akanigeukia. Kama mimi! Haya mdogo wangu, kaa hapo. Kwa wasiojua, hebariamu ni ghala la mimea iliyokaushwa, kila mmoja umebandikwa kwenye karatasi na lebo yake, na kazi yetu ni kuziingiza lebo hizo kwenye kompyuta.

Mwaka juzi nilipewa maboksi ya waridi la jangwani, Adenium obesum. Watu wa Moroto, kule Karamoja kaskazini mashariki mwa Uganda, mnalijua, shina nene limevimba chini, ua la pinki linatoka kiangazi wakati mti hauna hata jani moja, na utomvu wake ni sumu ya kupaka mishale. Hilo obesum lenyewe maana yake ni nene. Sasa ukilikuta limebandikwa kwenye karatasi, uzuri wote umekwisha, pinki imekuwa kahawia, na shina kama lile nani atalibana kwenye magazeti, mtu kakata kitawi tu akaondoka. Kwa hiyo lebo ndo mmea wenyewe. Rangi iko kwenye lebo, unene wa shina uko kwenye lebo, na kama mwenzetu aliona uvivu siku ile kuandika basi imepotea hivyo. Soma lebo, soma yote.

Mimi sikusoma yote. Nilikuwa na spidi bana, na nilijivunia, wenzangu wako kwenye lebo ya ishirini mimi nishafika hamsini. Lebo za zamani hazina GPS, unakuta tu maili kadhaa kutoka Moroto, unatafuta mwenyewe kwenye ramani. Moroto ni kama 2.5 kaskazini na 34.7 mashariki, mimi nikapishanisha kolamu, 34.7 ikakaa kwenye latitudo, na ukifuata namba hizo unatua Algeria. Boksi zima! Halafu palipoandikwa futi 4,500 nikaweka mita 4,500, wakati Mlima Moroto wenyewe kileleni ni mita 3,083, yaani ua langu lilikuwa linaota hewani. Ilitakiwa kama 1,370 hivi.

Bosi hakuniita pembeni. Alipiga skrinishoti ya ramani akaitupa kwenye grupu la WhatsApp, "nani huyu kapanda maua Algeria?" na vikatuni vya kucheka, na watu niliokuwa nakula nao rolex, ile chapati ya kuzungushia mayai, kila siku wakacheka pia. Mkataba ulipoisha hakuna aliyeniambia kitu. Kosa langu nalikubali, lakini mtu mzima hafundishwi hivyo.

Nilirudi kwenye kazi hii baadaye, mahali pengine, sasa mimi ndo nakagua za wengine. Nafungua ramani kila baada ya lebo kumi, inachukua dakika moja tu. Kingine, jina la mkusanyaji na namba yake usiviruke hata kama mwandiko ni wa kuku, maana mtu wa zamani alichuma matawi kadhaa ya mmea mmoja, moja likabaki Kampala, lingine Nairobi, lingine likaenda bustani ya mimea ya Kew huko Uingereza, na bila ile namba mmea mmoja unahesabiwa mara tatu. Na jina la zamani liandike kama lilivyo, ukiona Adenium coetaneum usijifanye kulisahihisha, ni ua hilihili, jina la sasa lina kolamu yake. Soma lebo yote nasema.

Nyinyi vijana mnataka kumaliza, kila mtu anataka kumaliza, Mungu mwenyewe hakuumba dunia kwa siku moja, wewe na laptopu ya kuazima unakimbilia wapi?

Basi ukiwa tayari niandikie tena nikutumie picha ya lebo tano ujaribu. Nukta zangu za kwenye ramani zilisharudishwa Karamoja zamani. Ile skrinishoti bado iko kwenye grupu, sijatoka, jana nimeiangalia tena.